Maksai Aliyekataa Nira

Ndugu msomaji, wewe uliyezoea kumwona ng'ombe akiwa nyama iliyoning'inizwa buchani, au maziwa ndani ya chupa, huenda ukastaajabu kuambiwa kwamba katika nyanda za juu za Kigoma wapo ng'ombe wanaopelekwa shule. Tena wapo waliokwisha hitimu, wakaasi, na ikalazimu warudishwe darasani upya.

Nchi yenyewe ni Buha, yaani wilaya za Kasulu na Kibondo, ambazo mwaka 2012 zilimegwa na kuzaa Buhigwe na Kakonko. Ni nchi ya vilima, udongo mwekundu na ukungu wa asubuhi. Migomba imezizunguka nyumba, na mbele yake yako maharage, mahindi na mihogo. Ng'ombe wa asili wa huku ni wale wenye pembe ndefu, jamaa ya ng'ombe wa Ankole. Hapo zamani mtu alimpa mwenzake ng'ombe kwa mapatano yaliyoitwa ubugabire, na kwa ng'ombe huyo wawili hao wakafungamana, mmoja kama bwana na mwingine kama mtu wake. Mnyama wa heshima namna hiyo hakuumbwa, machoni pa wengi, ili abebeshwe gogo shingoni. Ndiyo maana jembe la mkono bado linatawala mashamba mengi ya huku, wakati Usukumani plau ni jambo la tangu enzi za mababu.

Lakini hesabu ya kazi haina heshima. Jembe la mkono huichukua jamaa nzima siku nyingi kumaliza eka moja, na mara nyingi aliyeinama ni mama mwenye mtoto mgongoni. Maksai wawili waliofundika huimaliza eka hiyo kwa asubuhi mbili tatu, kisha wakafungwa mkokoteni kubeba mavuno na maji.

Sasa tuchukulie maksai mmoja wa Kasulu, tumwite Bihogo kwa ile rangi yake ya hudhurungi. Msimu uliopita alilima vizuri. Mwaka huu, mwezi wa Septemba, mara aionapo nira anarudi nyuma. Akivishwa, anapiga magoti, analala chini na kufumba macho kama mzee aliyechoshwa na mkutano. Mvua inatazamiwa Oktoba au Novemba. Na fahamu, msomaji, kwamba maksai wawili ni chombo kimoja: akigoma huyu, yule mwenziwe naye hana kazi. Hapo ndipo mchinja nyama huanza kupita karibu na zizi akiulizia habari.

Mchunga asiye na subira huchukua fimbo. Wapo waliopata hata kumwashia ng'ombe moto wa majani chini ya mkia, na mimi naona mtu wa namna hiyo ndiye angestahili kuvikwa nira. Bihogo akipigwa amelala, anachojifunza ni kwamba nira na maumivu ni kitu kimoja, jambo alilokwisha lishuku tangu mwanzo.

Mjuzi huanza na shingo. Hupapasa mahali inapokalia nira, akitafuta kidonda, uvimbe, au ngozi iliyochubuka na kuota upya bila manyoya. Halafu huigeukia nira yenyewe: pengine ukingo wake umekatwa kwa shoka na kuachwa na makali, au vijiti vyake vinambana mnyama aliyenenepa tangu mwaka jana. Hutazama pia kama mwenziwe amemzidi kimo, maana nira ikiinama upande mmoja, mzigo humwelemea mmojawao. Kidonda huachwa kipone kabisa. Ukingo wa nira hulainishwa kwa kipande cha chupa, kisha hupakwa mafuta.

Ndipo shule inaanza tena kutoka darasa la kwanza. Siku za mwanzo Bihogo hufungwa kamba tu, akatembezwa na mtu mmoja, yule yule kila siku, anayemwita kwa jina lake na kumkuna chini ya kidevu. Kisha huvikwa nira pamoja na maksai mkongwe asiyeshtuka, bila mzigo wowote, wakazunguka uwanja asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Akilala, hapigwi wala hafunguliwi, husubiriwa. Mkongwe husimama palepale, mchunga naye hukaa kitako. Akiinuka, huongozwa hatua chache, husifiwa, na ndipo nira huondolewa. Siri ya elimu hii ni hapo: nira isitoke shingoni wakati amelala, bali wakati ametii. Baadaye hufuata tawi jepesi la kuburura, halafu gogo, na mwisho plau katika udongo laini. Yote haya huchukua majuma kadhaa, na hakuna siku inayoweza kurukwa.

Wenzetu wa Alaska, ambako mbwa hukokota masleji juu ya theluji, na ambako mwaka 1925 mbwa hao walipokezana kupeleka dawa ya dondakoo katika mji wa Nome, humfunza mbwa mgumu kwa njia iyo hiyo: humfunga ubavuni mwa mbwa mzoefu na kumpa kitu chepesi cha kuburura.

Ukiiacha Kasulu na kushika njia ya kaskazini kwenda Kibondo, utaona mambo yanabadilika. Upande wa mashariki nyanda zinashuka, miombo inasongamana, na ndani yake anaishi mbung'o. Katika miaka ya 1930 malale yaliifanya serikali ya kikoloni iwahamishe watu wa huku na kuwakusanya mahali pamoja. Kwa ng'ombe mdudu huyo huleta nagana, na hapa somo la Bihogo linakuwa gumu zaidi, kwani maksai mwenye nagana naye hugoma. Hulegea, hukonda ingawa anakula, manyoya husimama, na ukiifunua kope yake utaikuta nyeupe. Shingo haina hata mkwaruzo. Mafunzo hayamfai kitu mnyama huyu; anayemfaa ni bwana mifugo na sindano yake.

Akidungwa na kupona, huachwa muda mrefu arudishe damu na nyama, ndipo aanze na kamba kama ndama asiyejua lolote. Aghalabu mvua huwa imekwisha nyesha. Msimu huo jamaa yake hushika majembe ya mkono, mama mbele na watoto nyuma, na maksai huwatazama kutoka kwenye malisho akitafuna.