Mstari Niliouvuka

Niliiingiza ndege ndogo kwenye barabara ya kurukia bila ruhusa, wakati ndege nyingine iliyobeba abiria inashuka kutua pale pale. Hakuna aliyeumia. Nilipoulizwa imekuwaje, nilisema uongo, na uongo huo ndio unaonifanya niandike leo.

Mimi ni mzaliwa wa Kikole, wilayani Kilwa. Kwetu tunajulikana kwa mpingo. Mwaka 2009 msitu wa kijiji ulipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba miti inavunwa bila kuumaliza msitu. Kwa urubani hatujulikani. Nilipopata leseni wazee walinisomea dua, na mama mmoja jirani akaanza kuniita Kapteni kabla hata sijapata kazi. Nayaeleza haya kwa sababu bila hayo msomaji hataelewa ilikuwaje mtu mzima akashindwa kutamka neno moja: nimepotea.

Kazi yangu ilikuwa zaidi kwenye viwanja vidogo vya kusini, Kilwa Masoko, Songo Songo, na vile vya mbugani. Huko kutembeza ndege ardhini hakukusumbui akili. Unatua, unageuza, unarudi juu ya barabara ile ile uliyotulia mpaka kwenye maegesho. Unatangaza redioni unachofanya, unasikiliza kama kuna mwenzako angani, unaangalia kama pana mbuzi au mtoto anayekatiza. Kusi likivuma unashika usukani kwa makini upepo usije ukainua bawa. Basi. Kidogo kidogo nikazoea kuiona barabara ya kurukia kuwa ni njia ya kupita tu, kama njia nyingine yoyote.

Siku hiyo nilipeleka abiria wawili kwenye uwanja mkubwa ambao sikuwahi kufika. Siutaji jina, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Kutua hakukuwa na taabu, mwenyeji alinitangulia kwa gari hadi kwenye maegesho. Taabu ilikuja wakati wa kuondoka. Mwongoza ndege alinipa njia kwa herufi za viungio, yaani njia za kutembezea ndege: nifuate kiungio hiki, nigeukie kile, kisha nisubiri kabla ya barabara ya kurukia. Nikamrudishia maneno yake yote, tena kwa sauti ya mtu anayejiamini. Sikuandika hata herufi moja. Ramani ya uwanja ilikuwa kwenye mfuko wa mlango, imekunjwa.

Kiungio cha kwanza nilikipata. Cha pili nilikipita, na nilijua kwamba nimekipita. Hapo nilipaswa kusimama. Ndege ikiwa ardhini ina neema ambayo angani haipo: unakanyaga breki, inasimama, unauliza. Lakini nyuma yangu kulikuwa na ndege kubwa inanifuata, redioni watu wanapokezana bila nafasi, na abiria wangu wananitazama. Nikawa kama mgeni Kariakoo anayeongeza mwendo ili asijulikane kuwa ni mgeni. Nikageuka kwenye kona iliyofuata, nikijipa moyo kwamba itanirudisha njiani. Na huku ndege inatembea nikainamisha kichwa kubadilisha masafa ya redio na kukagua vipimo vya injini, kazi ambazo ningepaswa kuzifanya ndege ikiwa imesimama.

Mstari wa kusubiria huchorwa kwa mistari ya njano, miwili mizima na miwili ya vipande vipande. Ukiikuta mizima iko upande wako, huvuki mpaka uruhusiwe. Kando yake huwekwa kibao chekundu chenye namba nyeupe za barabara ya kurukia. Vyote vilikuwepo. Nilipoinua kichwa magurudumu yalikuwa yameshavuka, lami pana iko mbele yangu, na redioni mwenzangu anaamriwa aache kutua, apae tena. Alipita juu yetu. Abiria mmoja, mtu mzima wa makamo, akaniuliza, "Mwanangu, ile ilikuwa inakuja kwetu?" Nikamjibu, "Hapana, mzee, ndio utaratibu wao."

Huo ni uongo wa kwanza. Wa pili niliuandika kwenye maelezo yangu kwa wachunguzi na kuutia saini. Nilieleza kwamba rangi ya mstari ilikuwa imefifia na jua lilikuwa linanipiga usoni. Rangi ilikuwa mbichi, na jua lilikuwa mgongoni. Waliniamini. Inawezekana yuko fundi wa rangi aliyeitwa ajieleze kwa ajili yangu, na wazo hilo limeninyima usingizi kuliko hata ile ndege iliyotupita juu.

Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa kinasema wazi kwamba lengo la kuchunguza ajali na matukio ya ndege ni kuzuia yasirudie, si kugawa lawama. Nilikuwa nakijua, nilikifanyia mtihani. Kwa maelezo yangu niliwapeleka wachunguzi wakatafute dosari kwenye rangi, wakati dosari ilikuwa kwa rubani anayeona aibu kuuliza njia.

Kosa kama langu limewahi kuua. Tarehe 8 Oktoba 2001, uwanja wa Linate mjini Milan, Cessna Citation moja ilishika kiungio kisicho chake ndani ya ukungu, ikaingia mbele ya ndege ya SAS iliyokuwa inaondoka. Walikufa watu 118. Hapa kwetu, tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inakwenda Kilimanjaro ilitua Arusha, kwenye barabara fupi isiyojengewa ndege za ukubwa huo. Ugeni wa mahali huwapata hata wazoefu. Tarehe 2 Januari 2024, Haneda, Japani, ndege ya walinzi wa pwani iliingia kwenye barabara ambayo Airbus A350 ya Japan Airlines ilikuwa inatua. Watu 379 wa ndege kubwa waliokoka wote. Ndani ya ile ndogo walikuwamo sita. Watano walikufa, akabaki nahodha. Namfikiria sana mtu huyo. Tofauti kati yake na mimi ni kwamba mimi nilionekana mapema, na aliyekuwa anatua akaamriwa apae tena.

Siku hizi natembeza ndege kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, ramani ikiwa wazi mapajani, njia niliyopewa imeandikwa, na kila kitu kingine kinangoja nisimame. Nikiikaribia barabara ya kurukia natazama kushoto na kulia hata kama nimeruhusiwa kuivuka.

Wewe kijana wa Kilwa, Ruangwa au Nachingwea unayeanza kurusha ndege, ukifika uwanja usioujua sema redioni kwamba wewe ni mgeni, na omba uelekezwe kona kwa kona. Waongoza ndege wamelizoea ombi hilo, na wanalipenda kuliko ukimya wako. Ukipotea, simama kwanza, ndipo useme.

Na wewe rubani uliyelazimika kupaa tena siku ile, kama maandishi haya yatakufikia: mstari ulionekana vizuri, kibao kilikuwa mahali pake, na mwongoza ndege alinipa maelekezo sahihi. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Naomba radhi kwako na kwa abiria wako.