Kumsikiliza Mshtakiwa

Msomaji kijana, kabla sijawa mwalimu nilikaa Marekani miaka miwili. Mchana nilifanya kazi ya ufagizi katika ghala; jioni nilisomea sheria za jinai katika chuo cha jamii. Chuo cha namna hiyo hutoa masomo ya miaka miwili, na karo yake ni nafuu kuliko ya chuo kikuu. Darasani mwetu walikuwamo askari wa jela, akina mama waliotoka kazini na vijana waliotamani kuwa polisi. Tulifunzwa kazi za polisi, mahakama na magereza.

Somo lililonikaa moyoni ni kisa cha Clarence Earl Gideon. Mwaka 1961, huko Florida, mtu huyu alishtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa biliadi kwa nia ya kuiba. Hakuwa na fedha za kumlipa wakili. Aliomba apewe mmoja, akanyimwa. Alijitetea peke yake, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Akiwa gerezani alitwaa penseli, akaiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1963 majaji wote 9 waliamua kwamba maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa hana budi kupewa wakili. Kesi ilisikizwa upya, wakili akamsemea, na Gideon akaachiliwa huru.

Mtihani wa somo hilo niliufaulu vema. Nikarejea Kenya, nikasomea ualimu, nikakabidhiwa darasa. Katika muhula wangu wa kwanza zilipotea shilingi 600 zilizochangwa na wanafunzi kwa ajili ya safari. Macho yangu yalimwangukia mvulana mmoja ambaye viatu vyake vilikuwa vimetoboka. Sikumwuliza kama alizichukua, nilimwuliza alikozipeleka. Alipofumbua kinywa nilimnyamazisha, nikamfukuza darasani kwa siku tatu. Siku ya nne nilizikuta fedha zile ndani ya daftari langu la mahudhurio, nilimozitia kwa mkono wangu mwenyewe.

Fikiri, msomaji. Nilikuwa polisi, shahidi na hakimu kwa wakati mmoja. Naye hakuwa na wakili wala penseli. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, yasema kuwa mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka kosa lithibitishwe. Maneno hayo niliyajua kwa ulimi tu. Wahenga walisema kweli kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Nilisimama mbele ya darasa zima nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, nilikuona ukizitia daftarini. Hilo ndilo nililotaka kukuambia."

Basi kesho ukipotelewa na kalamu yako, usianze kwa kutazama viatu vya mtu. Uliza, kisha unyamaze, usikie.