Kioo cha mbele, ukungu wa Kinangop na mimi

Samahani kwa ukimya wa miezi mingi. Sikuwa mgonjwa wala sijahamia Ulaya. Muda wangu wote wa ziada umeishia chini ya deshibodi ya Land Rover, miguu nje, tochi mdomoni. Leo nimepata nafasi ya kusimulia, na naonya mapema kwamba programu zenyewe zinachelewa kuingia katika hadithi hii.

Gari ni Defender 110 ya mwaka 1997, injini ya dizeli ya 300Tdi. Niliinunua kwenye mnada, na tangu hapo marafiki zangu wa ofisini wananiuliza kama inatumia makaa ya mawe. Wacheke. Nyumbani kwetu ni Njabini, kule Kinangop, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo gari dogo halifiki langoni kwetu.

Kila mwezi mama yangu ana kliniki ya sukari Nairobi. Ukitaka kuwa mbele kwenye foleni, unatoka nyumbani saa kumi alfajiri. Julai 2023 tulitoka saa hiyo, baridi ya kukata masikio, na kabla hatujafika Magumu kioo cha mbele kilikuwa cheupe kwa ndani kama kimepakwa chokaa. Mama alikuwa anapangusa upande wake kwa leso, mimi wangu kwa mkono wa sweta. Ukipangusa unapata sekunde ishirini hivi za kuona, kisha pazia linarudi. Katika moja ya hizo sekunde nisizoona, mtu mmoja alikuwa anasukuma baiskeli ukingoni mwa barabara, mitungi miwili ya maziwa nyuma. Nilimwona akiwa tayari ubavuni mwangu. Nilikata usukani, kioo cha pembeni kikagonga mtungi, maziwa yakamwagika lami yote.

Nilisimama, nikarudi mbio. Hakuwa na mchubuko hata mmoja.

"Kijana, hukuniona?"

"Sikukuona, mzee."

Nilimlipa maziwa yake na mtungi. Mama hakunena neno mpaka tukapita Kimende. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Mwanangu, mwezi ujao nitapanda matatu." Na kweli Agosti alipanda matatu. Septemba pia.

Kwa nini kioo kinafanya hivyo? Pumzi zetu zina unyevu na joto. Hewa ya joto hubeba maji mengi kuliko ya baridi, kwa hiyo ikigusa kioo kilichopoa inalazimika kuyaacha pale pale. Ni jambo lile lile la chupa ya soda kutokwa jasho ikitolewa kwenye friji. Dawa ni mbili: ukaushe hewa, au upashe kioo joto mpaka maji yakose sababu ya kukaa. Magari mapya yana kiyoyozi kinachokausha hewa. Langu halina. Lina hita, au tuseme lilikuwa nayo, kwa maana nilipofungua boneti vizuri nikakuta fundi wa zamani aliziunganisha zile paipu mbili za maji ya moto kwa kipande cha mpira, akaipita hita kabisa. Ilikuwa inavuja, akaona njia fupi. Mtu yeyote aliyewahi kuzima sehemu ya programu inayosumbua badala ya kuitengeneza hana haki ya kumlaumu, na mimi ni mmoja wao.

Nikanunua hita nyingine, nikarudisha paipu. Ilisaidia, lakini dizeli huchelewa kupata moto. Asubuhi ya baridi hewa inaanza kuwa ya maana tukiwa karibu na Soko Mjinga, na ukungu mbaya ni kuanzia nyumbani hadi hapo.

Ndipo nikakumbuka kioo chenye nyaya. Wale mliowahi kuendesha magari ya Ford yaliyotoka Uingereza mnakijua: unabonyeza kitufe na kioo cha mbele chote kinajisafisha. Ford wa Ulaya walianza kukiweka kwenye Scorpio, iliyoitwa Granada kule Uingereza, mwaka 1985, kwa ajili ya barafu ya asubuhi. Kioo cha mbele cha gari huwa ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kikipigwa jiwe hakimwagiki. Ndani ya utando huo wanalaza mamia ya nyuzi za tungsteni, nyembamba kuliko unywele, kutoka juu hadi chini. Umeme ukipita zinapata moto. Nyuzi zimegawanywa makundi mawili, nusu ya dereva na nusu ya abiria, kila moja na nyaya zake. Kule wanayeyushia barafu. Sisi shida yetu ni umande, nao hauna ubishi mkubwa kama barafu.

Uzuri wa Defender ya umri huu ni kwamba kioo chake ni bapa kama cha dirisha la nyumba, na kinashikwa na mpira bila gundi. Waingereza wamekuwa wakiziwekea vioo vya aina hii miaka mingi, kwa hiyo vinapatikana. Changu nilikipata Kirinyaga Road, kwa muuzaji anayeleta spea za Land Rover. Kilikuwa kimeegemezwa nyuma ya milango, na alipokitoa juani akakunja uso. "Hiki kina mikwaruzo," akasema, akinionyesha vile vistari. Sikumsahihisha hadi tulipomaliza kuelewana bei. Baadaye dhamira ilinisuta, nikamweleza, akacheka sana na kusema nimlipe tofauti kwa chai. Nimelipa.

Kukibandika kilichukua asubuhi moja. Unalaza kamba ya nailoni kwenye mfereji wa mpira, unapaka maji ya sabuni, mmoja anasukuma kioo kutoka nje huku mwingine akivuta kamba kutoka ndani, na mdomo wa mpira unajipandisha juu ya fremu. Jirani alisukuma, mimi nikavuta. Kazi ilianza baada ya hapo.

Mimi nilifikiri nanunua kioo. Kumbe nilikuwa nanunua deni la umeme. Multimita ya bei rahisi hudanganya ikipima chini ya omu moja, kwa hiyo niliunganisha nusu moja moja kwenye betri kwa sekunde chache na kupima mkondo kwa mita ile ya kubana waya. Ampea 19 kila nusu. Injini ikiwaka volti zinapanda na mkondo unafika 21. Nusu zote mbili ni ampea 42, karibu wati 580. Alternata yangu imeandikwa ampea 65. Sasa jumlisha nami: taa kubwa mbili za wati 55 ni ampea 8, taa ndogo na za nyuma 3, wipa 5, feni ya hita 8. Ukiongeza kioo unapata 66. Na hizo 65 za alternata ni pale injini inapozunguka kwa kasi, si ukiwa unatambaa kwenye ukungu kwa gia ya pili. Hapo betri nayo, iliyotoka kuzungusha stata ya dizeli, inataka kujazwa.

Sisi watu wa kompyuta tatizo hili tunalijua: kazi nyingi, kichakataji kimoja, basi kila kazi ipewe zamu. Nusu ya dereva dakika mbili, nusu ya abiria dakika mbili, mzunguko urudiwe mara moja, kisha vyote vizimwe. Kwa njia hiyo sivuti zaidi ya ampea 21 kwa wakati mmoja. Nikachukua Arduino ndogo, rilei mbili za ampea 40, fyuzi ya 30 kwa kila upande, waya wa milimita 6 za mraba, na kitufe kimoja kwenye deshibodi. Programu yenyewe haikufika mistari themanini. Niliijaribu mezani nyumbani na taa mbili ndogo badala ya kioo, ikafanya kazi mara mia. Nilijivuna, sitaficha. Kuna jioni nilimwonyesha mama zile taa mbili zikipokezana zamu.

Oktoba alikubali kurudi garini. Saa kumi alfajiri, ukungu ule ule. Nikabonyeza. Kwa kama dakika moja hakuna kitu, kisha kati ya usukani na mimi likafunguka dirisha, likapanuka, na barabara ikawa pale. Kisha upande wake. Aliigusa kioo kwa kiganja. "Kina joto kama chungu," akasema. Aliiweka leso mkobani. Safari hiyo ilikwenda vizuri, na ya Novemba pia.

Desemba tulifika Nairobi saa kumi na mbili kasoro, manyunyu yakianguka. Nilikuwa nimebonyeza tena kitufe tukiingia jijini. Nikazima injini, nikamsindikiza mama ndani. Hakuwa amekula tangu jioni kwa sababu ya kipimo cha damu. Saa tatu tulitoka, na kutoka mbali nikaona jambo: gari zima lilikuwa na matone, isipokuwa nusu ya kioo cha mbele. Upande wangu ulikuwa mkavu kabisa. Niliweka mkono, bado kina uvuguvugu. Ufunguo ulipozungushwa, stata ilitoa mlio mmoja, tik, basi. Ampea 19 kwa saa tatu, kwenye betri ya 75. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tano anaiweza.

Mama alikaa kwenye benchi la mlinzi, mikono ikimtetemeka kidogo. Nilimkimbilia chai isiyo na sukari na mayai mawili ya kuchemsha, kisha nikaanza kuomba mwenye gari na nyaya za kuunganishia betri. Ilichukua dakika arobaini. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Kile kisanduku chako ndicho kimefanya hivi?" Nikasema ndicho.

Nyumbani nilikifungua na kupata makosa matatu, yote yangu. Kwanza, sikuweka dayodi kwenye koili za rilei. Rilei ikizimwa, koili hutema mshindo wa volti nyingi kurudi ilikotoka, na mshindo mmoja kati ya hiyo ulitosha kuipumbaza chipu ikaganda huku mguu wa kuwasha ukiwa juu. Mezani taa zangu ndogo hazikuwa na koili, ndiyo maana mara mia zile hazikumaanisha kitu. Pili, chipu hiyo ina saa ndogo ndani ya kuiwasha upya ikinyamaza, nami sikuitumia. Tatu, nililisha kila kitu moja kwa moja kutoka betri, kwa sababu waya wa betri ulikuwa karibu. Hilo la tatu ndilo linaloniuma. Katika programu yangu niliandika maoni kwa herufi kubwa kwamba kioo kisiwake injini ikiwa imezima, lakini katika shaba na plastiki hakuna kilichozuia.

Niliipeleka kwa fundi wa umeme wa magari, mzee ambaye kwa miaka mingi alihudumia magari ya utalii Naivasha. Akafuata nyaya zangu kwa kidole, kimya.

"Friji yako iko wapi?"

"Si friji, mzee, ni kioo."

"Umeme haujui kama ni kioo."

Akanieleza. Magari ya utalii hubeba friji ya vinywaji, nayo ina betri yake ya pili. Lazima betri hiyo ijazwe gari likitembea na ijitenge gari likizima, la sivyo soda za wageni zinawalaza porini. Alternata ina ncha ndogo inayokwenda kwenye ile taa nyekundu ya chaji. Alternata ikichaji, ncha hiyo ina volti kama za betri. Ikiacha kuchaji, hakuna kitu. Ukiilisha koili ya rilei kutoka hapo, rilei haiwezi kushika bila injini, hata ufunguo ukiwa umewashwa. Hakuna kuhesabu wala kukumbuka. Alimaliza kabla sijamaliza chai, akanidai pesa ya rilei moja na ya jasho lake.

Programu yangu haikutupwa. Sasa ina dayodi, ina ile saa ya kuiamsha, inapata umeme kutoka swichi ya ufunguo, na inaendelea kugawa zamu kama mwanzo. Lakini imekaa nyuma ya rilei ya mzee. Niliijaribu kwa kuigandisha makusudi mara kumi, kila upande, kisha nikazima injini na kusikiliza. Tak. Kila mara, tak.

Tumekwenda kliniki miezi mingi tangu hapo, Julai ikiwemo. Kuna uzi mmoja ulikufa upande wa mama, sijui ni jiwe au ni mimi nilipovuta kamba. Kioo chote kikisafika, unabaki mstari mmoja mwembamba wa ukungu, kutoka juu hadi chini, mbele yake kabisa. Huupangusa kwa leso, kwa pembe tu.