MB au nauli? Jinsi nilivyochagua masomo yangu ya sayansi

Tangu mlipoona picha yangu na koti jeupe pale Mbarara, wengi mmeniandikia inboksi: "Kwa nini unajitesa na nauli wakati kozi ziko bure kwenye simu?" Nitajibu hapa kwa wote, hasa ninyi mnaotaka kuingia uuguzi.

Mimi si adui wa masomo ya mtandaoni. Anatomia na fiziolojia nimesomea kwenye simu, nikiwa Nakivale, na nilifurahi kabisa. Nilisoma Kongo kwa Kifaransa mpaka diploma d'État, upande wa biokemia. Moyo na figo nilivijua, ila kwa Kiingereza nilikuwa kama mtoto. Hata naitrojeni sisi tuliiita azote. Video unaisimamisha, unairudisha mara tano, unaandika maneno kwenye daftari, na hakuna anayecheka matamshi yako. Kwa dada mwenye mtoto mgongoni, ambaye hawezi kulala Mbarara, simu ndiyo shule. Asidharauliwe.

Lakini zilibaki kemia na mikrobiolojia, na mwaka ule nilikuwa na pesa ya jambo moja tu. Niliweza kununua laptop ya mkono wa pili na MB, nibaki nyumbani. Au nilipie darasa lenye maabara na kitanda katika chumba cha wasichana wanne kule Kakoba. Posho ilikuwa imeshapungua. Mama hakunikataza, aliuliza tu: "Mwanangu, ukienda, nani atapanga foleni ya maji?" Swali hilo lilininyima usingizi kuliko kemia yenyewe.

Nilichagua maabara. Sababu zangu ni hizi.

Kwenye video ya titresheni, rangi ya waridi inatokea palepale mtu anapotaka itokee. Kwenye bureti halisi, tone moja zaidi na kazi imeharibika, unaosha chupa unaanza upya. Mkono unajifunza kwenda polepole, na mkono huohuo kesho utashika sindano. Hadubini nayo ni hivyo. Mtandaoni unaonyeshwa vijidudu vya malaria tayari vimelengwa vizuri, na mshale juu. Maabara unapewa slaidi, unaweka tone la mafuta chini ya lenzi ya 100, unatafuta mwenyewe mpaka macho yanatoa machozi. (Na tusidanganyane: sisi tunatumia hadubini moja watu wengi, na kuna siku dawa za maabara zinaisha, tunaishia kuangalia ubao.)

Kuna jambo jingine dogo ambalo sijaona mtu akilisema kwetu sisi wa Kongo. Kule tunaandika 2,5. Uganda ni 2.5. Na hapa 1,000 ni elfu moja, wakati kwa macho ya aliyesoma Kifaransa inaweza kuwa moja tu. Kwenye karatasi ya dawa hiyo si hesabu tena, ni mgonjwa. Mkufunzi anayepita kati ya meza anaiona koma yako siku ileile. Jaribio la simu la kuchagua A, B au C haliangalii mwandiko wako.

Halafu vyeti. Uganda muuguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, chini ya sheria ya mwaka 1996. Cheti cha kozi ya mtandaoni, hata kikiwa na muhuri wa dhahabu, peke yake hakikufanyi muuguzi. Kwa hiyo kabla ya kumaliza MB zako, uliza chuo unachokitaka kama kitaikubali kozi hiyo. Uliza kwanza, usome baadaye. Na karatasi za sekondari za Kongo zinapitia UNEB zilinganishwe na za hapa. Anzeni mapema jamani.

Ninyi wa mashirika mnaotusoma: tablet tunashukuru sana. Ila mkipanga mradi wa sayansi, wekeni na mstari wa nauli ya kwenda maabara, hata mara mbili kwa mwezi. Ukiwa Base Camp, Mbarara si mbali kwenye ramani. Ni mbali mfukoni.

Foleni ya maji sasa anapanga mdogo wangu wa miaka kumi na mmoja. Nikirudi nyumbani, madumu ni yangu, hilo tulikubaliana. Yeye ameshaanza kuniomba simu ili aangalie zile video za moyo.

Anayetaka orodha ya karatasi nilizoombwa UNEB aandike hapa chini, nitaipiga picha Jumamosi nikipata chaji.