Jinsi Tulivyoifufua Pikipiki ya Babu

Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo tulifundishwa tangu shule ya msingi, lakini mimi niliiona maana yake kwa macho katika likizo ya Juni, mwaka 2024, nyumbani kwetu Majengo, Dodoma. Napenda kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu habari za pikipiki iliyolala stoo kwa muda wa miaka 13.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha AG100, aina iliyoundwa kwa ajili ya watu wa mashamba. Ina vichanja vya mizigo mbele na nyuma, na mnyororo wake umefunikwa usiingie vumbi. Babu aliinunua mwaka 1989 alipokuwa bwana shamba, akazunguka nayo katika vijiji vya Hombolo na Mvumi. Haikubeba mbegu za mtama peke yake. Wakati wa mvua, magari yalipokwama katika makorongo, ilibeba pia wagonjwa na akina mama waja wazito mpaka hospitali. Mwaka 2011 macho ya babu yalianza kufifia, naye akaiweka stoo.

Basi nilipofika likizo nilikuta wanunuzi wa vyuma chakavu wamekwisha kuja kuitazama. Mama alikuwa tayari kuiuza, maana paa la jiko lilikuwa linavuja na fedha hazikuwepo. Babu akasema polepole, “Mwanangu, hata mimi siku hizi sioni wala sitembei mbali. Je, nami mtanipima kwa kilo?” Mama aliinamisha kichwa. Kisha akajibu, “Hapana, baba. Ikiwaka kabla mtoto hajarudi shule, itabaki. Isipowaka, naomba uniruhusu niiuze.” Babu akakubali.

Kazi tuliifanya watu watatu: mjomba, ambaye ni fundi na ndiye mwenye spana, mimi, mwenye macho, na babu, aliyekaa juu ya kigoda akituongoza. Nilitaka tuipige kiki mara moja tuone. Babu akakataza. Alisema injini iliyolala imekauka ndani, na pistoni ikilazimishwa kupanda na kushuka bila mafuta hukwaruza silinda. Basi tulifungua plagi, tukamimina oili kidogo katika tundu lake, tukaiacha mpaka kesho yake. Ndipo nilipoisukuma kiki kwa mkono, taratibu. Mara ya kwanza haikusogea. Mara ya tatu ikazunguka, na sote tukashusha pumzi.

Hewa kavu ya Dodoma ilikuwa imetusaidia, kwa kuwa chuma hakikuliwa sana na kutu. Lakini kinachofaa chuma hakifai mpira: matairi yalikuwa yamepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Petroli iliyobaki katika tangi ilikuwa imegeuka rangi, nayo ilinuka kama vanishi. Tuliimwaga, tukatia mafuta ya taa na changarawe safi, tukalitikisa tangi mpaka mikono ikauma, tukasuuza. Katika boksi la chujio la hewa tulikuta kiota cha panya. Kabureta nayo ilikuwa imeziba kwa utomvu wa petroli ile ya zamani. Tuliifungua yote juu ya gazeti, tukazibua vitundu vyake kwa petroli mpya na uzi mwembamba wa waya wa shaba, kwa sababu chuma kigumu huvipanua na kuviharibu.

Injini hii ni ya mipigo miwili. Kila inapozunguka mara moja hutoa nguvu, na oili inayolainisha sehemu zake za ndani huungua pamoja na petroli. Ina tangi lake la oili na pampu, lakini babu hakuiamini pampu iliyolala miaka 13. Kwa hiyo, kwa ajili ya kuwashia, tulichanganya oili mililita 50 katika kila lita ya petroli.

Injini za mipigo miwili zimetumika sana hata katika nchi za baridi, kwenye vyombo vinavyokwenda juu ya theluji. Huko Quebec, Kanada, alikuwako fundi aliyeitwa Joseph-Armand Bombardier. Mwaka 1934 mtoto wake mdogo alifariki kwa sababu theluji ilikuwa imefunga njia ya kumfikisha hospitali. Fundi huyo aliendelea kutengeneza vyombo vya kupita katika theluji, na mwaka 1959 akatoa kile kidogo kiitwacho Ski-Doo. Nilipomsomea babu habari hiyo alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Huko theluji, huku tope. Mgonjwa ni yule yule.”

Siku ya tisa tulipiga kiki, lakini haikuwaka. Plagi haikutoa cheche. Tukafuata waya mmoja mmoja, tukakuta panya ameutafuna ule wa swichi ya kuzimia. Tuliuunga, na jioni ile injini ikalia, moshi ukajaa uani, watoto wa jirani wakapiga vigelegele. Mimi nilishangilia. Babu peke yake aliinua mkono: “Zima! Inalia juu mno. Inavuta hewa mahali pasipotakiwa.” Mjomba akatazama kwa tochi, na kumbe kweli: mpira unaounganisha kabureta na injini ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kama tungeendelea, injini ingepata moto kupita kiasi na kuharibika. Sisi wawili tuliokuwa tunaona hatukuuona ufa ule. Aliyeuona ni yule asiyeona.

Mjomba alinunua mpira mwingine, na siku tatu kabla ya likizo kwisha pikipiki iliwaka kwa sauti ya utulivu. Wale wanunuzi waliporudi, mama aliwauzia sufuria lililotoboka. Paa la jiko bado linavuja, na pikipiki haijaingia barabarani, maana inangoja matairi na bima. Lakini kila Jumamosi babu huomba iwashwe kidogo, naye hukaa akisikiliza.

Wenzangu, mkiwa na mashine mtakayoiweka muda mrefu, mwageni petroli yote, tieni oili kidogo katika silinda, zibeni matundu ya hewa panya asiingie, na yainueni matairi yasiguse ardhi. Na kabla hamjakiita kitu chochote chakavu, mwulizeni kwanza aliyekitumia.