Kimo cha Bodi

Kila chombo cha safari kina kizingiti chake. Jahazi lina ubao wa kupandia, treni ina vidato vya chuma, na ndege haiingizi abiria mpaka ngazi imesogezwa mlangoni. Pikapu ndiyo iliyoingia katika kazi ya kuchukua watu bila ya mtu kufikiri kwanza wataingiaje. Sababu yake ni dhahiri: haikuzaliwa kwa kazi hiyo. Kampuni ya Ford ya Marekani ilipoanza mwaka 1925 kuuza Model T yenye bodi ndogo ya mizigo iliyoundwa kiwandani, wanunuzi waliokusudiwa walikuwa wakulima na mafundi, na kilichokusudiwa kukaa bodini kilikuwa mzigo. Gunia halina magoti. Hurushwa likatua, na likitua vibaya likapasuka, hushonwa.

Katika Nyarero, kata ya wilaya ya Tarime mkoani Mara, pikapu ni gari la mzigo na la mwenye mzigo pia. Apelekaye mahindi, ndizi au mbuzi sokoni hapendi kuachana na mali yake njiani. Hupanda akaketi juu yake. Pikapu huchukua watu wa msibani, huchukua vyombo vya bibi arusi, na usiku huchukua mgonjwa kwenda hospitali ya Tarime mjini, amelazwa juu ya godoro na jamaa zake wakimshika asitikisike. Pikipiki za abiria zimepunguza kazi hiyo kwa sehemu, walakini pikipiki haiwezi kumchukua mtu pamoja na magunia yake matatu, wala ukoo mzima uendao kuzika. Sheria huweka masharti juu ya kupakia watu katika gari la mizigo, na ni haki iweke, maana mtu aliyeketi bodini hana mkanda wala paa. Hata hivyo, wasafiri wote wakiketi mbele kama sheria ipendavyo, bado yupo apasaye kupanda nyuma ili apange mzigo, na kushuka tena ukiisha kupangwa. Kwa hiyo suala la kupanda haliondoki.

Yafaa kimo chenyewe kipimwe. Sakafu ya bodi ya pikapu ya siku hizi, ile itumiayo nguvu ya injini katika magurudumu yote manne, huwa sentimeta 80 hadi 90 kutoka ardhini gari likiwa tupu. Kidato cha ngazi ya nyumba iliyojengwa vema hakizidi sana sentimeta 15 au 18. Basi mtu atakiwaye kupanda bodini kwa hatua moja anatakiwa kupanda vidato vitano kwa hatua hiyo. Kijana wa miaka ishirini hushika ukingo, akakanyaga tairi, akaruka, na alipoulizwa amepandaje hana jibu, kwa kuwa hakuona kuwa amefanya jambo. Mama wa miaka sabini husimama nyuma ya gari lile lile akalitazama kama mtu atazamaye mto uliofurika. Nguvu za paja, ambazo ndizo zinyanyuazo mwili goti linapokunjuka, hupungua kadiri umri uzidivyo. Na mifupa ya wanawake, baada ya hedhi kukoma, hupoteza uzito wake kwa haraka zaidi kuliko ya wanaume. Kuteleza ambako kwa mjukuu ni kicheko, kwa bibi huweza kuwa nyonga iliyovunjika.

Lakini udhaifu wa mwili si nusu ya shida. Kuna vazi. Kitenge kilichofungwa vizuri kiunoni kinaruhusu hatua ya kutembea, hakiruhusu goti kufika kifuani. Mwanamke akitaka kupanda kama vijana wapandavyo yampasa akipandishe kitenge mbele ya watu, au akubali kusukumwa. Na kusukumwa kwenyewe ni fedheha ya namna yake. Utingo mwenye umri wa mjukuu humwambia, “Jikaze, mama,” kisha humwegemeza mikono mahali ambapo mikono ya mtoto haistahili kufika. Aidha miongoni mwa Wakurya, kama katika makabila mengi ya nchi hizi, kati ya mkwe na mkwe kuna heshima inayokataza kugusana. Baba mkwe akiwa ndiye aliye karibu, hana ruhusa ya kumnyanyua mke wa mwanawe, na mke huyo hathubutu kumpa mkono. Hapo watu wote husimama kitambo wakitafuta mtu wa kufaa, na dereva hupiga honi. Wengi wasemao kwamba mzee fulani “hapendi safari” hawakuchunguza. Pengine safari anaipenda sana, ila ameona bora akae nyumbani kuliko kuinuliwa kama furushi.

Dawa ya mambo haya ni nyepesi kuliko ugonjwa, nayo huanza na kuketi. Mlango wa nyuma wa bodi uteremshwe mpaka ulale sawa na sakafu, baada ya kutazama kama minyororo au waya ziushikazo hazijaliwa na kutu. Chini yake iwekwe kreti ya soda iliyofudikizwa, au jiwe pana, au gogo lililokatwa bapa. Mpandaji alipe gari mgongo, akanyage kreti, kisha akae juu ya mlango kama akaavyo kitini. Akiisha kukaa, ajisogeze nyuma kwa mikono, na miguu yote miwili aigeuze pamoja iingie ndani. Kitenge hakipandi, goti halikunjwi kupita kiasi, wala hapana mkono wa mtu uliomgusa. Wanawake wa vijijini walikwisha kuijua namna hii zamani, maana ndivyo wakaavyo upande upande nyuma ya baiskeli. Kilichokosekana ni kreti tu. Jambo la kuangaliwa ni matope. Kreti ya plastiki juu ya udongo uliolowa wakati wa masika huteleza mithili ya sabuni, na hapo jiwe ni bora.

Apendaye kupanda kwa kusimama ana kanuni yake pia: kati ya mikono miwili na miguu miwili, vitatu viwe vimeshika au vimekanyaga mahali imara kila wakati, na kimoja tu ndicho kiende. Ashike bomba au ukingo wa bodi. Asishike gunia, kwa kuwa gunia humfuata. Mikono yake isiwe na kitu. Kikapu, mtoto na kuku hupandishwa kwanza, kisha mwenyewe.

Kushuka ndiko kunakodharauliwa, na ndiko kunakoumiza. Aliyepanda kwa tabu hudhani kwamba ardhi itamsaidia wakati wa kurudi, basi huruka. Mtu arukaye kutoka kimo cha sentimeta 85 hugonga ardhi kwa kasi ya karibu kilometa 15 kwa saa, mwendo wa mtu akimbiaye mbio, na baada ya saa nzima ya kukaa amekunja miguu juu ya magunia, magoti yake hayako tayari kwa mbio hizo. Yapasa ashuke kama alivyopanda: aketi ukingoni mwa mlango, atafute kreti kwa unyayo, asimame ndipo aachie. Ashukaye kwa kusimama alielekee gari, kama mtu ashukaye ngazi ya darini. Kuteremka kwa kulipa gari mgongo huku umesimama ni kuuamini mguu mmoja ardhi usiyoiona.

Mafundi wa Afrika Mashariki waliyatambua haya mapema. Kenya ilipozihalalisha matatu mwaka 1973, pikapu zilivikwa vibanda vya bati, zikatiwa mabenchi, na nyuma yake kukawa na mlango na kikanyagio ambacho makanga alikifanya makao yake. Dar es Salaam ilikuwa na pikapu za namna hiyo, abiria wakikaa kwa kutazamana, zilizoitwa chai maharage. Na Unguja magari ya abiria yenye ubavu wa mbao kwa miaka mingi yalipandiwa kwa nyuma, kwa kidato na bomba la kushika. Kampuni ya Ford ilianza kuuza ngazi iliyofichwa ndani ya mlango wa nyuma wa pikapu zake kubwa za toleo la mwaka 2008, na Chevrolet ikachimba kidato katika pembe za bampa za toleo la mwaka 2014. Matangazo yao yalizitaja kama uvumbuzi. Fundi wa kuchomelea, mwenye mtungi wa gesi na miwani ya giza, hakuwa na wa kumtangazia.

Ajabu ni kwamba pikapu za mizigo zipitazo Nyarero aghalabu hazina hata hicho. Madereva wana hoja, na si ya kupuuzwa: kikanyagio kilichoning'inia nyuma hugonga mawe gari lipandapo mlima au livukapo mtaro, kikapinda au kung'oka. Basi kisining'inie daima. Kipande cha bati nene lenye vijinundu, upana wa unyayo na nusu, hufungwa kwa bawaba chini ya bampa na kushikwa na minyororo miwili. Gari likisimama hushushwa kikawa sentimeta 40 hivi kutoka ardhini, na liondokapo hukunjwa juu na kufungwa kwa pini. Hatua ya vidato vitano hugawanyika mara mbili. Kikae upande wa kushoto, uliko ukingo wa barabara, ila bomba la moshi likitokea upande huo kisogezwe katikati, maana bomba la moto huunguza kifundo cha mguu. Juu yake, ubavuni mwa bodi, kipande cha bomba la maji urefu wa mkono kichomelewe wima kiwe kishikio. Na mahali ambapo hata bati halikupatikana, dereva mwenye huruma hurudisha gari nyuma mpaka kwenye tuta la barabara, mlango wa nyuma ukalingana na udongo, na mama mzee akaingia bodini kwa miguu yake, polepole, kitenge chake kikiwa kama alivyokifunga asubuhi.