Undugu wa Lugha Nakivale

Katika isimu linganishi, lugha huitwa ndugu pale inapothibitika kuwa zimetokana na lugha mame moja. Nilipofundishwa hayo hapa Mbarara, mifano ilikuwa tayari kichwani. Nyumbani ni Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na huko familia za lugha hukutana bombani kila asubuhi. Mnyarwanda na Mrundi husema umuntu, Mnyankole omuntu, sisi wa Kiswahili mtu. Macho ni amaso kwa wale, amaisho kwa huyu. Na si maneno tu. Wingi wa umuntu na omuntu ni abantu, wa mtu ni watu, na kiambishi hicho huburuta sentensi nzima nyuma yake. Neno huazimwa sokoni kwa siku moja. Mfumo wa ngeli hauazimwi hivyo.

Mzee mmoja Msomali mwenye duka hunitania kwamba Kiswahili na Kisomali ni ndugu, kwa kuwa mimi nasema kitabu naye kitaab. Namjibu, "Mzee, basi na Mnyankole ni ndugu yako, maana anasema ekitabo." Sote tuliazima kwa Waarabu. Kisomali ni lugha ya Kikushi, na jamaa zake wa mbali wako jirani tu: kwake mdomo ni af, na kwa Waethiopia wanaozungumza Kiamhara ni af vilevile.

Hadi hapo ni raha ya darasani. Lakini kwetu tunazungumza Kinyabwisha, lugha ya Rutshuru huko Kongo, iliyo karibu sana na Kinyarwanda. Mama akifungua kinywa, mara husikika: "Kumbe mama ni Mnyarwanda?" Kambini swali hilo si la isimu. Linapima nani aaminiwe, nani atiliwe shaka. Mama hujibu taratibu, "Nimezaliwa Rutshuru, na mama yangu pia."

Kosa hilo la kusoma damu ndani ya lugha halikuanzia bombani. Wilhelm Bleek, katika sarufi yake ya mwaka 1862, alitumia jina Bantu kwa lugha. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha kitabu akidai kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa wageni kutoka upande wa Ethiopia. Wengine wakalikuza dai hilo hadi Watutsi wakaitwa wana wa Hamu na Wahutu Wabantu, ingawa wote wanazungumza Kinyarwanda kilekile, lugha ya Kibantu kwa kila kipimo. Wakoloni wa Kibelgiji walitawala kwa fikra hiyo, hata wakaandika kabila kwenye vitambulisho.

Mwaka 1963 Joseph Greenberg alichapisha uainishaji wake wa lugha za Afrika, akaonyesha kwamba "Kihamu" si tawi la lugha hata kidogo. Kufikia wakati huo, Watutsi waliokimbia Rwanda tangu 1959 walikuwa wamekwisha kujenga nyumba hapa Nakivale.